Sifuri ya Kushoto

Karakana yetu iko Kizota, nyuma ya mashine za alizeti.
Tunatengeneza pampu za visima.
Tuna na tovuti. Aliijenga kijana mmoja
akahamia Mwanza, nywila ikiwa kichwani mwake.

Kwenye tovuti kuna fomu:
jina, kijiji, simu, barua pepe, eleza shida yako.
Ukibonyeza Tuma inakujibu papo hapo, kwa herufi za kijani:
Asante! Ujumbe wako umepokelewa.

Na nani?

Septemba, upepo ukigonga bati kama mdai,
nikafanikiwa kulifungua lile sanduku la barua.
Mia mbili na kumi na nne. Hazijasomwa.
Sikuketi. Nilizisoma nimesimama,
kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye ubao wa hospitali.

Sechelela Ndahani wa Handali aliandika mara kumi na moja.
Februari: Pampu inatema hewa.
Februari tena: Mpini ni mzima, shida iko chini, naomba fundi.
Aprili: Watoto wanakwenda na madumu, madaftari yamebaki nyumbani.
Juni: Ni mimi yuleyule wa pampu.
Agosti: Tumechimba korongoni. Asanteni.
Na kila mara, kwenye barua pepe,
kwa kuwa kinyota chekundu kilimkaba asipite bila kujaza,
ameandika: sina@sina.sina

Usiku ule sikwenda Nkuhungu kulala.
Nilinunua bando, nikachemsha chai ya rangi,
nikaanza kushona:
fomu huku, mtambo wa kupeleka taarifa kule,
na katikati uzi mmoja wa anwani ndefu isiyotamkika.
Fomu ikija, soma.
Ukisha kusoma, andika kwenye daftari la wote,
si la mtu mmoja, wala si la kichwani.
Ukisha kuandika, mwamshe fundi wa zamu.
Kisha mjibu aliyeomba, kwa meseji, kwa jina lake.
Kile kinyota nikaking'oa.

Saa nane nikajaribu.
Jina: Jaribio. Kijiji: Jaribio. Shida: hakuna, kwa sasa.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, n—
Chilongani akanipigia kutoka Chang'ombe,
sauti nzito ya usingizi: "Wewe Malogo, una wazimu?"
Nikacheka peke yangu kati ya mabomba.

Lakini simu yangu, mimi mwombaji wa uongo, ilikaa kimya.
Jibu halikuja. Nikajaribu tena. Halikuja.
Karibu saa kumi ndipo nikaona:
namba yangu ilifika imekatwa kichwa.
Mtambo uliisoma kama hesabu ya magunia,
na sifuri ikiwa kushoto haina thamani,
ndivyo alivyotufundisha mwalimu Lusinde, kwa fimbo,
hata mimi niliifuta ubaoni nikapigiwa makofi.

Haina thamani, mwalimu?
Piga simu bila hiyo uone kama kuna atakayeitika.

Nikarudi kwenye mpangilio, nikabadilisha neno moja:
palipoandikwa namba, pakawa maandishi.
Usijumlishe. Soma tu, kama alivyoandika mwenyewe.
Meseji ikaingia: Ndugu Jaribio, fundi atakupigia leo.

Kulipokucha nilitaka kuwapitisha humo wote,
mia mbili na kumi na nne waombwe radhi kwa mbofyo mmoja.
Nikaandika ile radhi mara tatu.
Mara zote tatu ilitoka na rangi ya kijani.
Nikaifuta.

Saa moja na robo Chilongani alikuwa uani
akifunga mabomba kwenye pikipiki kwa mipira ya matairi,
vumbi jekundu limeshamkalia kofiani.
"Tunaanzia wapi?"
Handali, nikamwambia. Ila subiri,
kuna mtu lazima nimpigie mwenyewe.

Nikaiweka simu kiganjani,
nikabonyeza sifuri.